Kanga nyekundu ikipanda, shule nzima Kerege inanyamaza

Saa nne kasoro asubuhi. Uji umeshaiva, na moshi unamtoa machozi Bi Tabia, mpishi wa shule moja ya msingi hapa Kerege. Anafuta macho kwa pindo la mtandio, anaweka mwiko, anakwenda kwenye mkorosho ulio katikati ya uwanja. Anafungua kamba, anavuta. Kanga nyekundu inapanda mdogo mdogo mpaka tawini, inashika upepo, inafunguka.

Basi, hiyo ndiyo kengele.

Hajaita mtu. Lakini tazama madirisha: vichwa vinageuka kimoja baada ya kingine, milango inafunguka, watoto zaidi ya mia sita wanamwagika uwanjani na vikombe vyao, na unachosikia ni majani makavu ya mkorosho yanavunjika chini ya miguu. Mia sita, jamani! Mgeni akifika saa hii anasahau kilichomleta.

"Sisi watu wa pwani kanga tunaijua kusema," Bi Tabia anacheka. "Ukiwa na neno na jirani unamvalia kanga, anaelewa mwenyewe. Sasa watoto washindwe?"

Nyekundu ni uji, njano ni kurudi darasani, bluu ni nyumbani.

Zamani kwenye tawi lile ilining'inia rimu ya lori, na aliyeigonga kwa chuma ni Bi Tabia mwenyewe, kwa sababu mpishi ndiye anayejua uji umeiva saa ngapi. Ikilia, ilisikika mpaka barabarani.

Na ndani ya darasa la pili alikaa binti yake, Shufaa, wakati huo mwenye miaka tisa. Shufaa ana usonji. Ubongo wake unaisikia na kuipanga dunia kwa namna yake. Mlio ule kwake ulikuwa msumari wa sikio. Alikuwa anaziba masikio, anajificha chini ya dawati, na siku moja alitoka mbio mpaka barabara ya Bagamoyo, gari zikafunga breki.

"Mimi ndiye nampikia, mimi ndiye namuumiza," anasema Bi Tabia, na kuutazama mkono wake. "Mkono huu huu."

Mwalimu mkuu, Majaliwa, aliogopa mtoto atakuja kufa. Akamwambia mama amtafutie shule nyingine, na nyingine ya kumfaa iko mbali, nauli yake haishikiki. Bi Tabia akaomba kitu kimoja: ajaribu kanga mpaka shule zifungwe. Mwalimu akakubali kwa sharti. Siku shule itakapovurugika, rimu inarudi juu na Shufaa anarudi nyumbani.

Wiki zikaenda vizuri. Kumbe watoto wengine kadhaa nao walikuwa wanaumizwa na rimu ila hawajasema. Kisha ikaja siku ya mvua.

Kanga nyekundu ilikuwa imeloa chapachapa, haishiki upepo. Bi Tabia akaazima ya Mize, mwenzake wa jikoni. Ya bluu. Akajiambia, saa hii nani asiyejua ni ya uji?

Akaipandisha, akarudi kwenye sufuria. Alipoinua macho, shule ilikuwa inakwenda nyumbani. Na mabegi mgongoni, kimya, kwa adabu zote, hakuna aliyebaki kuuliza. Kanga imesema nendeni, wanakwenda. Mwalimu Majaliwa akatoka ofisini anakimbia, kiatu kimoja mguuni.

"Nikasema yamekwisha," anakumbuka Bi Tabia. "Nimemfukuza mwanangu mwenyewe."

Lakini getini msafara ulikuwa umesimama. Shufaa, ambaye shuleni hata jina lake halitoi mdomoni, amesimama katikati ya njia, mikono kaitanua, kikombe kimoja kinaning'inia kidoleni.

"Uji bado," akasema. "Uji, hesabu, nyumbani."

Akarudia, vile vile, bila kupandisha sauti. Mohamedi wa darasa la saba, mrefu kuliko wote, akamtazama, akacheka. "Kweli bwana, sijanywa uji mimi. Turudini." Wakageuka wote.

Kule kushikilia mpangilio, kila kitu kwa zamu yake, ndiko watu walikokuwa wanamlalamikia mama yake kila siku. Siku ile ndiko kulikorudisha shule.

Mwalimu Majaliwa akafika getini anahema. Akamtazama Shufaa, akautazama mkorosho.

"Mama Shufaa," akasema, "ile rimu tafuta kazi nyingine ya kuipa."

Ameipa. Leo rimu imelala chini ya sufuria, ndiyo jiko. Makaa yanawaka ndani yake na uji unachemka juu. Shufaa anakuja na kikombe, anakaa karibu nayo kabisa, hazibi masikio.

Miaka si mingi Shufaa ataingia sekondari, na huko kuna kengele ya umeme. Bi Tabia ameshajipanga.

"Nitakwenda kabla hajaanza," anasema, anakoroga. "Nina kanga zangu tatu kwapani. Nitapiga hodi, nitamwamkia mkuu wao shikamoo, halafu nitamuuliza: mwalimu, hapa kwenu mti mrefu uko wapi?"