Ernesti Yuko Hewani

Ernesti alizaliwa kambi ya mkonge, njia ya Pangani, akalelewa na vitu viwili: ukali wa mama yake, Anastazia, na nyimbo za kantri. Marehemu baba yake alizisikiliza kila jioni akitoka kukata mkonge, magitaa yakilia, Wazungu wakilalamikia mashamba yao na wake waliowakimbia. Kiingereza mzee hakukijua hata cha kuombea maji. Kilio, alikuwa akisema, hakihitaji mkalimani.

Basi Redio Dafu ilipofunguliwa Pangani, chumba kimoja na mnara mwembamba, Ernesti ndiye aliyepewa kipindi cha kantri, kila Jumamosi saa tisa alasiri. Alieleza kwanza wimbo unasema nini, kisha akaupiga. Wapenda taarabu walimcheka: pwani na kantri wapi na wapi? Walicheka wakachoka, maana wavuvi wa Kigombe na mama ntilie wa Pangani walikuwa wakipigania kutuma salamu. Na kila kipindi alikifungua vilevile: "Shikamoo mama yangu Anastazia, huko kambini. Najua unanisikia." Mama naye aliwakemea majirani: "Nyamazeni! Mwanangu anaongea."

Kisha Mudathir, mwenye redio, akaleta kompyuta. Alimkalisha Ernesti kwenye kipaza sauti juma zima, arekodi salamu, utani, vicheko, hata ule usemi wake wa "Niko nanyi moja kwa moja!" Maskini ya Mungu, alirekodi kwa moyo mkunjufu, kumbe anajichimbia kaburi. Kazi ilipokwisha, Mudathir akamwambia, "Kaka, pumzika kwanza, tutakuita." Hakuitwa ng'o. Sauti yake ikabaki kazini, mwenyewe akaenda Horohoro kubeba mizigo mpakani.

Kosa lake ni moja tu: hakusema. Aliona haya, mtu aliyejulikana kambi nzima kuwa mtangazaji, leo ana gunia mgongoni. Sauti ilikuwa ikimwamkia mama kila Jumamosi, mama akifurahi, naye akaona bora yaendelee hivyo. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Alfajiri ya Jumamosi moja dada yake, Dorkasi, alimpigia simu akilia. Mama alikuwa amefariki usiku, na mazishi yalikuwa mchana uleule.

"Nisubirini," alisema Ernesti. "Niko njiani."

Hakusema njia ipi. Kwao, kifungua mimba ndiye hutupa udongo wa kwanza, na Ernesti alitaka haki hiyo kuliko kitu chochote duniani. Basi likaharibika kabla ya Tanga, likatengenezwa, likaharibika tena. Simu ikaisha chaji. Alipofika kambini jua lilikuwa linazama, msalaba umeshasimamishwa, wanaume wanaosha majembe. Walimtazama, wakaendelea kuosha. Hakuna hata mmoja aliyempa mkono wa pole.

"Mngenisubiri," alimwambia Dorkasi.

"Tumekusubiri toka asubuhi, kaka. Pangani ni hapo tu, mtu hata kwa miguu angefika. Saa tisa baba mdogo akasema tufungue redio, tujue kama umetoka kazini." Dorkasi alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Ukatuambia uko nasi moja kwa moja. Ukacheka."

"Si mimi yule! Ni kompyuta ile, Dorkasi. Mimi walishaniacha zamani, niko Horohoro nabeba mizigo."

"Horohoro?" Alimtazama kaka yake kama anavyotazamwa mlevi msibani. "Wiki iliyopita tu ulimwambia mama kwa simu kazi inakwenda vizuri."

Ernesti akaugeukia msalaba.

"Mama kalazwa pale ndani, keshavikwa sanda," Dorkasi alisema, "nawe unamwamkia. Shikamoo mama yangu, najua unanisikia. Watu wakainama kwa aibu. Baba mdogo akaizima redio, akaenda kutupa udongo yeye."