Maua ya Bibi Kwenye Runinga

Kile kibao cha kuchorea kilikuja ndani ya boksi moja na mashine ya gemu niliyonunua kwa muuza mitumba, wakati nafungua banda langu la gemu kule Itetemia. Unakichomeka, unaweka diski yake kwenye mashine, unashika kalamu yake ya plastiki, unachora, na mchoro unatokea kwenye runinga. Juzijuzi nimesoma kwenye simu kwamba hata huko kilikotengenezwa kilidoda. Kwangu kilidoda kabla wiki haijaisha. Wateja walitaka mpira tu, na walinicheka: "Bosi, si ufungue chekechea!"

Mimi sipendi kuchekwa. Ni ugonjwa wangu wa siku zote, na ndio ulionifanya nimkosee bibi.

Bibi yangu alishona kofia za mkono maisha yake yote. Ukoo wetu una nakshi yake ya maua, na kila mwanamume wetu alikwenda kwenye nikahi yake na kofia hiyo kichwani. Nakshi ilikaa kwenye kadi moja tu, iliyotobolewa kwa sindano. Ukiipigapiga kwa kitambaa chenye masizi, nukta zinahamia kwenye nguo, ndipo unashona. Sasa kadi ilikuwa imechakaa, mkono wa bibi umeanza kutetemeka, na mdogo wangu alikuwa anaoa baada ya mfungo. Bibi alitaka ashone kofia yake hiyo moja, kisha apumzike.

"Mume wangu," aliniambia, maana bibi zetu hututania hivyo, "karatasi hii itanifia mkononi."

"Tuiingize kwenye mashine, bibi. Haitakufa tena."

Alikuja bandani asubuhi, kabla ya wateja. Tuliibandika kadi juu ya kibao kwa selotepu, akaanza kufuata matundu na kalamu, macho kwenye runinga, akicheka peke yake kila ua lilipotokea. Kalamu ilikuwa butu. Ilibidi aikandamize ndipo kibao kiisikie, na kadi ikawa inachanika, tundu hadi tundu.

"Inachanika, mume wangu."

"Iache. Imeshaingia ndani."

Adhuhuri alimaliza, akaenda kuswali. Nilikuwa sijauhifadhi mchoro, na nilijua kwamba lazima uhifadhiwe kabla ya kutoa diski. Wakaingia vijana wanne. Mmoja akayaona yale maua, akauliza kama chekechea imefunguliwa. Wenzake wakacheka. Nikatoa diski ya kuchorea, nikaweka ya mpira, haraka, kama mtu anayeficha kitu cha wizi.

Bibi aliporudi, nilikuwa nimeshajaribu kurudisha ile diski na kukuta ukurasa mweupe.

"Maua yangu yako wapi?"

Wale vijana wote walikuwa wananitazama.

"Bibi," nikasema, "umebonyeza nini?"

Alikiangalia kidole chake, akakifuta kwenye kanga.

Alijaribu kuichora nakshi upya kwa penseli, kwa kukumbuka, huku akipanga vipande vya kadi ya zamani mkekani. Lakini nakshi ya kofia huzunguka kichwa, na lazima ikutane nyuma. Ya kwake haikukutana. Mdogo wangu alioa na kofia ya dukani, na bibi akapita kwa wageni mmoja mmoja akiwaeleza kwamba yeye ndiye aliyeharibu kazi kwenye mashine ya mjukuu wake. Nilikuwa pale nagawa pilau. Nilimsikia, nikaendelea kugawa.

Alipougua sana alituita tuombane radhi, kama ilivyo desturi. Zamu yangu ilipofika, alinishika mkono.

"Ile mashine, mume wangu. Unisamehe."

Neno lilikuwa limenifika mdomoni, naapa. Lakini shangazi zangu wawili walikuwa wamekaa pembeni mwa kitanda, wananitazama.

"Nimekusamehe, bibi," nikasema.