Mlingoti Unaosikia Tu

Kijijini kwao, mabondeni Ileje, walimwita Tumpale daktari asiyejua hata kuchoma sindano. Mwenyewe alicheka. Udaktari wake ulikuwa wa fizikia, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa moja: kupima mawimbi ya simu yanavyopanda milima, yanavyoshuka, na mahali yanapokatikia.

Kwao yalikatikia. Ndiyo maana alipopata fedha za utafiti akasimamisha mlingoti wa vipimo huko huko, juu ya kilima, nyuma ya shamba la mama yake, Jenista. Wanakijiji walipandisha saruji na mchanga kichwani bila kudai chochote. Tumpale akawaeleza, tena si mara moja:

"Jamani, mlingoti huu hauleti mtandao. Unasikiliza tu, unaandika."

Wakaitikia ndiyo, wakaendelea kusogeza kokoto. Nani asimamishe chuma kirefu namna ile asikilize tu? Mama yake ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. "Mwanangu hapendi kujisifu," aliwaambia majirani. "Ngojeni, mtaona."

Walingoja miaka minne. Tumpale aliandika ripoti kuthibitisha kwamba mnara mmoja mdogo ungetosha. Kampuni ya simu ikamjibu kwa adabu kwamba wateja ni wachache. Akaandika tena, akajibiwa kwa adabu ileile. Mganga hajigangi, ni kweli, lakini huyu dawa aliijua, ila chupa ilikuwa mikononi mwa wengine.

Siku moja ya mwezi wa tatu alikuwa Tunduma, kando ya foleni ya malori, akipima simu zinavyorukia mtandao wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Pale simu moja inagombewa na nchi mbili. Saa kumi na moja jioni simu yake ikaita. Alikuwa mdogo wake, Yesaya, aliyeendesha pikipiki kwenye matope mpaka penye mtandao.

"Dada, mama ametutoka. Tangu mchana alikuwa anakutaja wewe tu. Alitaka akusikie."

"Sasa mbona hamkunipigia, Yesaya?"

"Tulikupigia, dada. Mama mwenyewe alisema, nendeni kwenye mlingoti wa mwanangu, pale itakubali. Nikapanda. Nikaishika simu pale pale kwenye chuma chako."

Baada ya matanga alipanda kilimani kuchukua kumbukumbu za kinasa cha mlingoti, kwa sababu kazi ni kazi. Akafungua kompyuta. Mstari wa siku ile ulikuwa umelala kama siku zote, hadi saa saba na dakika ishirini. Hapo ukaruka. Ukalala. Ukaruka tena. Simu inayohangaika kutafuta mtandao karibu na antena huonekana hivyo; yeye mwenyewe aliwafundisha wanafunzi wake. Akahesabu mara kumi na saba. Ya mwisho ilikuwa saa tisa na dakika nne.

Chombo chake kilikuwa kimesikia kila mara. Tumpale akakaa juu ya zege lililobebwa na majirani, akalia, maana hakuona jambo jingine la kufanya.