Chaki Kwenye Milango ya Wajane

Miaka ile ya themanini nilikuwa mkalimani wa chama cha kitaifa cha utafiti wa haki za binadamu. Jina la chama lilikuwa refu kuliko ofisi yenyewe. Ofisi ilikuwa chumba kimoja Shinyanga mjini, nyuma ya duka la vitenge, na humo tulikuwa wawili tu, mimi na mratibu. Yeye alikuwa mtu wa Tanga, mpole, wa kupiga pasi mpaka soksi. Kisukuma hakujua zaidi ya salamu, na hiyo salamu nayo aliivuruga. Nilimpenda kama kaka, na kama kaka alinitia hasira kila siku ya Mungu.

Safari hiyo tulikwenda kijiji kimoja upande wa Segese. Huko mama mzee, hasa mjane, mwenye macho mekundu aliweza kuitwa mchawi, akauawa kwa panga nyumbani kwake. Na wekundu wenyewe ni wa nini? Moshi tu. Kuni hakuna, watu wanapikia kinyesi cha ng'ombe, mtu ameinamia moto miaka hamsini, macho yawe meupe kwa dawa gani? Tulitaka kuandika maneno ya wajane wenyewe, wakubwa Dar es Salaam wayasome.

Tulifikia kwa mjane mmoja niliyemwita Mayu, yaani mama. Alikuwa mcheshi, akaniuliza siku ya kwanza kama yule kijana wa Tanga ameoa, na kama hajaoa mimi nangoja nini. Alikaa na mwanawe, mkamwana wake na wajukuu watatu.

Sasa, mratibu alikuwa na utaratibu wake. Kila nyumba tuliyomaliza aliipiga alama ya vema kwa chaki mlangoni, tusije tukairudia. Watu wa sensa walifanya vivyo hivyo na hakuna aliyejali. Nami niliona sawa, nakiri, maana baadaye nilimkaripia kana kwamba sikuwepo. Wala hatukufikiri kwamba sensa iliandika milango yote, na sisi tuliandika ya wajane peke yao.

Siku ya tatu asubuhi tuliamka tukakuta uani kwa Mayu kimya. Mwanawe alikuwa amemhamisha mkewe na watoto kwenda kwa wakwe, ng'ambo ya mbuga, naye amewafuata. Balozi wa nyumba kumi akaja kutueleza, huku akiangalia chini. Kijiji kizima kilisema serikali imekuja kupima wachawi, na wenye chaki ndio waliopatikana.

Nilimgeukia mratibu nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Maskini, alishika kitambaa chake, akakilowesha mtungini, akaenda kufuta mlango. Mayu akamshika mkono.

"Ukifuta," akaniambia nimtafsirie, "watasema nimekuroga ukafuta."

Alisema bila kulia. Mimi ndiye niliyelia. Nilijua, na yeye alijua, kwamba mama aliyekimbiwa na mwanawe hana wa kumlinda.

Mratibu akakaa juu ya kinu. Kisha akaniuliza kijiji kina nyumba ngapi. Nikamjibu ni nyingi, na kwamba fomu ni za wajane, tukiuliza kila mtu utafiti wote umeharibika, ofisi kuu wataukataa. Akasema waukatae. Akavunja kipande cha chaki, akanipa nusu.

Tulianza na mlango wa balozi. Jamani, tulitembea! Nyumba baada ya nyumba, wazee, vijana, wafugaji, hata wachimba dhahabu waliopanga chumba, wote tuliwauliza maswali ya wajane, na wote tukawapiga vema. Wapo waliocheka. Mmoja alitutaka tuupige hata mlango wa zizi lake. Mratibu alitoka malengelenge miguuni, soksi zake za pasi zikawa rangi ya udongo, wala hakulalamika. Siku ile nilimsamehe makosa yake yote, ya nyuma na ya mbele.

Siku ya tano tukafika kwa wakwe, balozi akituongoza. Mwana wa Mayu akatutazama tukiandika mlango wa baba mkwe wake, mzee anayeheshimiwa kuliko wote pale. Akauliza kama ni nyumba zote. Balozi akamwambia zote, hata kwangu. Kesho yake mchana walirudi, mkewe na watoto wakiwa nyuma yake.

Mayu alisonga ugali, akamimina maziwa mgando, wajukuu wakakaa kuzunguka. Walipotaka kunyoosha mikono, akawazuia. Akamega tonge, akachovya, akala mbele ya mkamwana wake. Akameza. Akafungua kinywa aonyeshe kwamba kimebaki kitupu. Halafu akachukua kibuyu cha maziwa ili aonje na hicho.

Hakuna aliyemwagiza. Mratibu aligeuza uso ukutani.

Mkamwana akainuka, akapiga magoti mbele yake, akakiondoa kibuyu mdomoni mwake polepole.

"Mayu, usionje," akasema. "Wape tu."