Kuusuka Mlima kwa Baiskeli

Siku yangu ya kwanza kazini, Naipingo kule Nachingwea, msimamizi wa mnara wa simu alinikabidhi baiskeli, dumu la dizeli na funguo za jenereta. Akanionyesha kilima. "Ofisi yako ile pale," akasema, akacheka. Nikajitia kidume, nikaikabili barabara moja kwa moja. Sikufika hata nusu. Nilianguka, dumu likabingirika mpaka miguuni kwake.

"We kijana, unagombana na mlima?" akaniuliza. "Mlima unasukwa!"

Ndiyo kazi yenyewe, wajukuu zangu. Kusuka ni kwenda mshazari, kutoka ukingo mmoja wa barabara hadi wa pili, kisha unarudi, kama mama anavyosuka ukili wa mkeka. Dumu linalala kwenye keria, umelikaza kwa mpira wa tyubu kuukuu. Kushuka nako breki hazitoshi: unafunga tawi kavu la mkorosho nyuma ya baiskeli, likikwaruza ardhi linakupunguzia kasi.

Ukishazoea, mwili unapanda wenyewe. Asubuhi ukungu umefunika mashamba ya ufuta, wewe unasuka tu, kushoto, kulia, hata hujui kama unaota au uko macho. Wallahi, nimewahi kufika kileleni nisikumbuke kona hata moja. Raha ile sijaipata kwingine.

Baadaye nikahamishiwa Malolo, Ruangwa, chini ya msimamizi mwingine, mama mkali asiyetaka utani. "Barabara ikilowa asipande mtu," aliagiza. "Nataka mnara, sitaki maiti."

Masika moja binti yangu Zuhura alikuwa hospitali ya wilaya, uchungu umemshika tangu jana yake. Asubuhi shangazi yake akatupigia: "Wanamwingiza chumba cha upasuaji, damu inamtoka sana..." Simu ikakatika. Mnara umezimika: dizeli ilikuwa imeisha kule juu, na gari la mafuta limekwama kwenye tope. Dumu la akiba lilikuwa kwangu, stoo.

Mke wangu alinitazama nikilifunga kwenye keria.

"Baba Zuhura, barabara inateleza."

"Naona."

"Basi panda polepole. Wawili siwezi kuwalilia."

Nikamwachia simu yangu, nikaondoka. Udongo mwekundu uling'ang'ania matairi, na ukungu ulikuwa mzito, sikuona nitokako wala niendako. Mara uzito wa lile dumu ukawa kama Zuhura, mdogo tena, amekaa nyuma yangu, amenishika shati. Nikaogopa kugeuka. "Shikilia, mwanangu," nikawa nasema kwa sauti kabisa, kama mwehu. "Shikilia, tunafika."

Kileleni nikajaza mafuta, jenereta ikanguruma, taa za mitambo zikawaka. Nikatoka nje. Sikuwa na simu wala mtu wa kumuuliza.

Siku hizi mnara ule unatumia umeme wa jua, nami nimestaafu, magoti yamegoma. Vijana wananiuliza, "Mzee, kazi ile ilikupa nini?" Nawaambia nilivyosimama pale juu, mikono inanuka dizeli, hadi ndani ya ukungu, chini kabisa, nikasikia mwanamke akipiga kigelegele. Nikaijua sauti. Mama Zuhura yule, asingepiga kama mwanawe hakupona. Jirani akamjibu, kisha kijiji kizima, nami nikakaa chini kwenye tope nikalia.