Kaka alitufundisha kukataa barua, leo anataka niapishwe

Admin, ficha jina langu na la avenue yetu, maana nusu ya Kindu inasoma ukurasa huu na mtu ninayemsema yumo humu. Kama unasoma, kaka, soma mpaka mwisho.

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na nane. Naishi Mikelenge na mama yangu kwenye kiwanja alichotuachia baba. Huyo kaka ni wa baba mmoja. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, mama yangu akamlea, akamvalisha kabla ya kunivalisha mimi. Leo anataka kumfukuza mama huyohuyo kwenye nyumba, na anachojivunia ni risiti ya posta.

Wakati wa vita avenue yetu ilikuwa na sheria moja: hakuna kusaini karatasi. Ukisaini, jina lako limeingia kwenye orodha, na askari wanajua wa kumchukua kuwabebea mizigo porini. Wengine walichukuliwa hivyo na hawakurudi. Basi akija mtu na karatasi, jibu la nyumba zote lilikuwa moja: mwenyewe hayupo, ameenda Kibombo kuvuna mpunga. Hata mwezi usio wa mavuno. Aliyetufundisha jibu hilo ni huyo kaka. Alitupanga uani akatukaririsha jibu hilo mara tatu tatu kama watoto wa chuo cha Kurani. Halafu yeye akapata ndege, akaenda kukaa mji mwingine, akatuacha na vita yetu.

Miezi michache baadaye mzee wa posta alikuja na barua iliyosajiliwa. Mama alikuwa shambani, nilikuwa peke yangu.

"Dada, iko barua yako ya rekomande. Utie sinyatiri hapa."

"Mwenye unatafuta haiko. Alienda Kibombo, kuvuna mupunga."

"Lakini njo wewe mwenyewe! Miye nakujua toka mutoto."

"Unajua jina, papa. Mwenyewe haiko."

Alitikisa kichwa akaondoka nayo. Nilijisifu nimeponyoka. Sikumwambia mtu, hata mama, kwa sababu kukataa karatasi siku zile halikuwa jambo la kusimulia.

Mwaka huu kaka amerudi na hukumu ya zamani inayosema kiwanja ni chake. Kumbe barua ile ilikuwa wito wa kesi aliyoifungua huko alikokuwa. Sikutokea, akashinda peke yake. Avoka anayenitetea ameniambia sheria ilivyo: barua ya rekomande ikiwa na anwani sahihi na risiti ya kutumwa, inahesabiwa imefika, mpaka wewe uthibitishe haikufika, ndipo hukumu ifutwe. Na aliyeikataa mlangoni anahesabiwa ameipokea. Nilimuuliza, "Hata wakati wa vita?" Akasema vita ndiyo nafasi yangu, kwa sababu mzee wa posta amekufa, bahasha imepotea, na juge anayehukumu anaweza kuamini kwamba siku zile barua hazikufika. Mradi iwe kweli haikufika.

Kaka akaona hilo pia. Ameomba tribinali iniapishe. Nikiapa kwamba sikuletewa barua, kesi imekwisha, nyumba inabaki kwetu; nikikataa kuapa, inakuwa yake. Unafikiri ni huruma? Alinipigia simu mwenyewe akicheka.

"Dadangu, weka mukono juu ya Msahafu, useme haikufika. Miye nakubali. Lakini weye nakujua, hauwezi."

Nyoka. Alijua nitaikataa barua kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kuikataa. Sasa anajua sitasema uongo kwa sababu tulilelewa na mama mmoja. Mara mbili ananikamata kwa malezi yangu! Namchukia, na sioni haya kuandika. Wanaotaka kuniambia "damu ni damu, msamehe", wakae na ushauri wao.

Linaloniumiza zaidi ni hili. Mama aliposikia habari ya kiapo, aliniita, akanishika mkono.

"Mwanangu, walileta ile barua?"

Nikamtazama. Ana miaka zaidi ya themanini, hana pa kwenda. Nikasema, "Hapana, mama."

Akashusha pumzi. "Basi uape. Mungu iko pamoja naye mwenye kusema kweli."

Tangu siku hiyo anawaambia wanawake wote msikitini kwamba binti yake hajawahi kudanganya. Kiapo ni Jumatano. Leo asubuhi nimemkuta uani anafua kitenge changu kizuri kwa mikono yake mwenyewe, ili nikaape nimevaa kisafi.

Nishaurini, ndugu zangu. Niape uongo mama abaki na nyumba, au niseme kweli halafu nimwambie nini njiani tukirudi, na tutakuwa tunarudi wapi?