Mgeni Kutoka Rwamgasa

Nakumbuka siku Nyamizi alipofika kwetu Ushirombo, viatu mkononi na vumbi hadi magotini. Mwanangu, kwa kuwa umeamua kujenga nyumba ya wageni karibu na kanisa, kaa kidogo mama yako nikusimulie habari zake.

Ilikuwa miaka ya tisini. Zamani mahujaji wa kanisa letu kongwe walikuwa watu wa vijiji vya jirani tu, waliokuja kwa miguu na kulala kwa ndugu zao. Kisha yakaanza malori kutoka Geita na Shinyanga, halafu mabasi kutoka Mwanza. Wengine walikuja kuona tu kuta zilizojengwa na wamisionari wa kwanza, wakapiga picha. Mji ukachangamka, na kila mwenye uwanja akaongeza chumba. Baba yako Masanja alijenga viwili nyuma ya nyumba, na mwaka ule aliviahidi vyote kwa kundi la Mwanza.

Nyamizi aliwatangulia. Mumewe, Shija, alikuwa mchimbaji mdogo Rwamgasa. Duara lao, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lilititia akiwa chini, kifusi kikamfunika, asipatikane tena. Bibi yako alimsikiliza mpaka mwisho, akampa uji, akamfungulia chumba kimoja apumzike.

Mchana baba yako akarudi kutoka sokoni na magodoro mapya. Alipojua, alimfuata mama yake jikoni.

"Mayu, nimeshawaahidi watu. Huyu dada akalale pale uwanjani kanisani, wanaolala huko wako wengi."

"Wale wana wenzao," bibi yako akajibu. "Huyu hana hata kaburi la kumlilia mumewe. Amekuja kulilia hapa. Sasa unamwambia akalilie wapi?"

"Na ahadi yangu?"

"Itimize. Wape chumba changu."

Akaenda kutoa nguo zake mwenyewe, akazipeleka jikoni. Hakugomba. Baba yako alisimama na godoro begani, asijue aliweke wapi. Hakuwa mtu mbaya, usimfikirie hivyo. Aliogopa kuonekana mwongo mbele za watu.

Basi lilifika alasiri. Kiongozi wa msafara, mama wa makamo aliyeitwa Mama Paskali, alipoingia chumbani kwa bibi akaona khanga imesahaulika ukutani. Akaniuliza, "Mwenye chumba hiki analala wapi?"

Baba yako akanitazama. Nilikuwa bado mgeni katika ukoo ule, sijazoea kusema mbele ya mume wangu. Hata hivyo nilimweleza yote.

Mama Paskali aliinua godoro, akaenda kulitandika kando ya Nyamizi.

"Mrudishieni bibi kitanda chake," akasema. "Sisi tutabanana."

Asubuhi walikwenda kanisani pamoja, Nyamizi katikati yao. Wakati wa maombi Mama Paskali akamtaja Shija kwa jina, na kundi zima likaitikia. Nyamizi aliniambia baadaye kwamba kule machimboni watu walikuwa wakimwita mumewe "yule wa kifusini" tu. Pale kanisani ndipo alipolia, na hakuna aliyemnyamazisha. Siku Nyamizi alipoondoka, baba yako alimbebea mzigo hadi kwenye lori, akamwambia, "Dada, ukirudi, usiulize kama kuna nafasi."

Basi, mwanangu, jenga. Wageni wamekuwa wengi na si dhambi kula kwa jasho lako. Lakini anayefika mlangoni, mwulize kwanza kilichomleta, ndipo umwulize atakaa siku ngapi. Usijaze vyumba vyote kwa ahadi. Bakiza mahali pa mtu ambaye hakuweza kutuma habari kwamba anakuja. Na ukimwona mkeo amenyamaza kwa kukuogopa, mpe nafasi aseme.

Mungu aisimamishe nyumba yako. Anayelala humo na uchungu, aamke umepungua.